Pale Pale

Bilal alikuwa amefunga duka lake la Kapsoya aje kuchukua dawa za presha tu, na sasa nesi, mkanda wa kipimo ukiwa bado umembana Bilal mkono, anamuuliza habari za marehemu!

"Baba yako alikufa na nini, mzee?"

"Siku zake ziliisha."

"Na ndugu zako?"

"Hao pia. Ni mipango ya Mungu. Nipatie dawa niende, sista!"

Nesi akashusha pumzi. "Hiyo mipango ilianzia wapi? Kichwa ama kifua?"

"Baba alijishika hapa, akaanguka!" Bilal akafoka, akijigonga kifua. "Ndugu yangu mkubwa, hapa! Yule mdogo, hapa..."

Kiganja kikabaki kifuani, pale pale alipokuwa akipasugua tangu asubuhi, akilaumu pilipili ya jana.