Kikopo cha Iliki

Mashavu aliinjika chai, akateremsha rafuni kikopo cheupe chenye kifuniko chekundu. Hatibu, mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka hospitali, akainamisha macho.

Miaka mitatu nyuma muuguzi alimpa kikopo hicho alete choo chake kipimwe. Kipimo hicho hakiumi, alimweleza, ila huweza kukosea. Kamera ya kuingizwa utumboni huona vizuri zaidi, ingawa mara mojamoja hutoboa utumbo. "Chagua kimoja, mzee wangu." Hatibu aliiogopa kamera, na kupita sokoni na kinyesi mkononi akaona haya. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Nimekuletea cha kuwekea iliki."

"Daktari kasemaje, Baba Tatu?"

"Saratani ya utumbo. Kasema nimechelewa." Akakinyooshea kidole kikopo. "Hicho nilipewa nikapimiwe."

Mashavu alikigeuza. Ubavuni, jina la Hatibu kwa mwandiko wa muuguzi lilikuwa limefifia, lakini lilisomeka.

"Nililiona siku ileile," alisema polepole. "Nikadhani walikupa viwili, kimoja umewarudishia."

Akakifunika, akakirudisha rafuni. Siku hiyo wakanywa chai isiyo na iliki.