Wiki Mbili za Kuitwa Dada

"Mama Vio—" Mwamvua, jirani aliyemsaidia kupika, alijiuma ulimi katikati ya jina. "Walburga, nipe huo mwiko."

Walburga akampa mwiko bila kucheka. Ilikuwa siku ya tano tangu watu wa kigango chao, huku Mshangano, waombwe kuacha kumwita Mama Violet. Hata Violet mwenyewe, mwenye miaka sita, alikuwa akisimama mlangoni pa jiko na kusema, "Dada, naomba maji."

Wazo lilikuwa la Mzee Longino, katekista. Ndiye aliyemsimamia Walburga ubatizo, ndiye aliyemzika baba yake, na Violet alimwita babu. Vijana kumi na wawili wa parokia moja ya Ujerumani walikuwa wamekuja kujitolea wiki mbili, kujenga darasa la chekechea la kigango. Kabla ya kuondoka wangemchagua mtoto mmoja wa kumsomesha kwa masista, kuanzia darasa la kwanza mpaka atakapofika.

"Wewe ndiye mpishi wao," Mzee Longino alimwambia. "Wakijua ni mtoto wa jikoni, watasema tumependeleana. Wazazi wenzako nao watanuna. Akuite dada tu, mwanangu. Wiki mbili ni kitu gani?"

Baba wa Violet alikwenda Mbinga kwenye kahawa, akaoa huko huko. Walburga alikuwa akimfundisha mtoto herufi kwa mkaa, nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa umeshajaa. Alikubali.

Mwamvua hakukubali. "Hata kuku hakatazwi vifaranga vyake. Kwetu Namtumbo mtu akikwambia mkane mwanao, unamuuliza kwanza yeye amemkana nani."

"Simkani. Namtafutia shule."

"Haya, Dada Walburga. Ukimaliza kutafuta, geuza ugali, unaungua."

Kati ya wageni wote, Hilda ndiye aliyemganda Violet. Alimbeba mgongoni mikono ikiwa na saruji. Alimpiga picha akila, akicheka, akisinzia kwenye mkeka. Wakati mwingine alimtazama tu, macho yakamjaa maji. Walburga aliyaona hayo kupitia moshi wa jikoni, na hofu ikaanza kumtafuna: huyu binti anataka kuondoka na mwanangu.

Siku ya nane Hilda aliingia jikoni akifuatana na Mzee Longino. Katika kigango kizima ni mzee huyo tu aliyejua Kijerumani. Alikiokota ujanani, alipofanya kazi kwenye karakana ya mabruda wa Kijerumani. Hilda aliuliza jambo.

"Anauliza Violet analala wapi," Mzee Longino alisema.

"Analala kwangu."

Maneno mawili. Mzee Longino aliyatafsiri kwa muda wa kutosha kumenya kiazi kizima. Hilda akaweka mkono kifuani, kisha akamkumbatia Walburga pamoja na masizi yake.

"Umemwambia nini, baba?"

"Hayo hayo. Kijerumani ni lugha ndefu, mwanangu."

"Hataki kumpeleka Ulaya?"

"Ampeleke wapi! Vumilia. Zimebaki siku sita."

Asubuhi iliyofuata, nyumbani kwao, ambako hakukuwa na mgeni wa kuwasikia, Violet aliinuka kitandani akasema, "Dada, uji uko wapi?"

Walburga alimpa uji. Halafu akatoka uani, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili ya mwisho, baada ya misa, jina lilisomwa: Violet. Vigelegele vikapanda. Walburga alikuwa na sinia la wali mikononi. Hakukimbia kumkumbatia mtoto. Aliweka sinia chini, akapiga makofi kama majirani wengine. Mzee Longino alimkonyeza kwa mbali.

"Kesho nitakuita Mama Violet mpaka uzibe masikio," Mwamvua alimnong'oneza, safari hii naye akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Kesho yake gari la wageni lilikuwa limeshawashwa. Mzee Longino alikuwa kule nyuma, akisimamia upakiaji wa mabegi. Hilda akatokea mlangoni pa jiko. Mkono mmoja ulimshika Violet. Mwingine ulishika maua yaliyofungwa kwa uzi, na kikaratasi. Hakuja na mkalimani.

Walburga aliacha vyombo, akajikausha mikono. Kama Hilda amekuja kumwomba mtoto, jibu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa hapana. Shule iende na gari.

Hilda alikifungua kikaratasi, akasoma polepole, neno kwa neno, kama mtu aliyefanya mazoezi siku nyingi.

"Dada Walburga. Asante sana kwa kumlea Violet. Kabla ya safari, naomba unipeleke kwenye kaburi la mama yake. Nataka kumwahidi."

Walburga alifungua mdomo, lakini Violet alimtangulia.

"Ni kule," alisema bila kumtazama mama yake, akinyoosha kidole kuelekea makaburi ya kigango, upesi na kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi aliyefundishwa jibu akalishika.