Lastiki ya Bi Mwatime

Bi Mwatime alikuwa akitia lastiki kwenye sketi ya safari ya binti yake, Hidaya, alipomuuliza huko maabara anakofanya kazi wanagonganisha nini.

Hidaya akakata kipande cha lastiki, akampa ncha moja. "Shika, mama. Mimi ni chembe nzito, kwaki, na wewe ni mwenzangu. Tumezaliwa pamoja kwenye mgongano, sasa natoka mbio." Akarudi nyuma hadi mlangoni. Lastiki ikavutika, ikawa nyembamba, ikakatika.

"Nguvu ya kule kuvutana huzaa kwaki mbili mpya hapo ilipokatika. Moja, nyepesi, inanishika mimi, tunakuwa jozi moja, mesoni, safari inaendelea. Kwaki haikai peke yake."

"Upesi hivyo?"

"Hata hujapepesa jicho."

Bi Mwatime alimkumbuka babake Hidaya, aliyeondoka na sanduku moja akaoa hata mwezi haujaandama.

"Na yule aliyeachwa?"

"Naye hupata wake, mama. Ni lazima."

"Huku kwangu bado."

Hidaya akaja kuichukua ile ncha. Mama yake hakuiachia. Aliinyoosha mbele yake, vidole vimekaza, kama mtu anayehisi kwamba bado inavutwa.