Papa wa Ghorofa ya Tatu

Papa alikuwa anapanda ngazi. Funguo zake zililia ghorofa ya kwanza, zikalia ya pili, na zilipofika ya tatu Ayuma, mwenye miaka mitano, alikuwa tayari uvunguni mwa kitanda, kidole mdomoni.

Mjomba wake Kweyu alifungua mlango nusu, akauziba mwanya kwa kifua.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri. Uko peke yako?"

"Mimi na sufuria zangu tu."

Mzee Ndirangu alisukuma kofia yake nyuma, akatazama sakafu kando ya jiko, akakohoa, akaenda zake. Kweyu alipogeuka aliona viatu viwili vidogo vya plastiki papo hapo kando ya jiko. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mwenye nyumba mwenye macho mabovu.

Katika ploti ile ya vyumba vya kupanga, mtaani Huruma, chumba kimoja kilikuwa cha mtu mmoja, kwa sababu tangi la maji lilikuwa dogo na roho ya mwenye ploti, watu walisema, ndogo zaidi. Ukileta mtu wa pili, Mzee Ndirangu hakukuandikia barua wala kukupigia kelele. Alikuja na bisibisi, akang'oa mlango wako, akaondoka nao begani. Na Huruma hakuna anayelala katika chumba kisicho na mlango. Luseno wa chumba namba tisa alimkaribisha ndugu yake siku nne tu. Siku ya tano alitoka kazini, na kabla hajamaliza ngazi akaona kitanda chake. Alihama jioni hiyohiyo.

Kweyu aliyajua hayo yote dada yake Kageha alipolazwa hospitalini, na mtoto wake, Ayuma, akamchukua hata hivyo. Daktari alisema wiki tatu. Angempeleka wapi?

Ndipo alipobuni meli. Zamani aliwahi kupaka rangi meli za watalii kule Mombasa, akaviona vyumba vya abiria kwa macho yake. Akatoboa kadibodi tundu la mviringo, akaibandika dirishani. Ukutani akatundika kalenda ya 1993 yenye picha ya meli nyeupe.

"Hiki ndicho chumba chetu melini," alimwambia Ayuma. "Wewe ni nahodha. Huko nje ukumbini ni bahari, na kuna papa mzee mwenye meno na funguo. Ukimsikia, ingia uvunguni, kimya."

"Umesema vitanda vya meli ni viwili, cha juu na cha chini. Cha juu kiko wapi?"

"Kinakuja."

Aliulizwa swali hilo kila jioni, na alikuwa na sababu zake za kutamani jibu. Nahodha alilala kama msalaba. Alipiga mateke ya mbavu, alivuta blanketi lote, na alfajiri alimfungua mjomba wake jicho kwa vidole viwili amuulize kama wamefika.

Mchana Kweyu alikwenda Kariobangi kufua sufuria kwa nyundo. Lydiah, fundi wa cherehani wa chumba kinachotazamana na chake, alimchungulia mtoto na kumpa chakula cha mchana. Mambo yalikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Wiki ya pili alikuta maganda ya nduma, magimbi ya kuchemsha, chini ya mto. Ayuma akawa hana njaa jioni, tena anahesabu vidole vyake kwa Kikikuyu: imwe, igiri, ithatu.

"Lydiah, asante kwa nduma," Kweyu alisema. "Na kwa masomo pia."

Lydiah alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. "Usinishukuru mimi, buda. Meli yenu haikosi wasafiri."

Kweyu alimwona kuwa mwanamke asiyependa sifa, akampenda zaidi kama jirani.

"Papa alipita leo?" alimuuliza Ayuma usiku ule.

"Alipita."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa kimya." Akavuta blanketi. "Mjomba, papa huchoka kuogelea?"

"Kila kitu huchoka."

"Akichoka hukaa wapi?"

"Lala, Ayuma."

Ijumaa Kweyu alitoka kazini mapema, mkate kwapani. Alikuwa na furaha: zimebaki siku sita, Kageha atoke. Siku sita tu za kujificha. Alipofika juu ya ngazi za ghorofa ya tatu, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa dirisha lake la mviringo.

Mlango haukuwepo. Bawaba zilining'inia tupu.

Mkate ulimponyoka. Aliogopa kweli, si kwa ajili ya kitanda wala sufuria, bali kwa sababu hakuwa na mahali pa kumlaza mtoto wa dada yake usiku ule. Kando ya ukumbi ulikuwa umeegemezwa mlango mwingine, wa kijani, wenye namba tisa. Mzee sasa anaikusanya milango ya watu, Kweyu aliwaza. Cherehani ya Lydiah ilikuwa imenyamaza. Lydiah mwenyewe alisimama mlangoni pake, kiganja mdomoni.

"Ayuma yuko wapi?"

Lydiah alionyesha kwa kidevu.

Kweyu aliingia mbio. Mlango wake ulikuwa umelazwa juu ya nguzo nne mpya za mbao, sambamba na kitanda, kwa juu. Ayuma alikuwa ameketi juu yake, kofia ya Mzee Ndirangu imemfika puani. Chini, kitandani, mzee alikuwa amepandisha miguu ili isiguse sakafu, suruali ameikunja hadi magotini, nyundo upande huu na kipande cha nduma upande ule.

"Vua viatu, Kweyu, bahari imeingia, unaloa," alisema mzee. "Ule mlango wa kijani nitakufungia hapa sasa hivi. Na wewe utalala juu na nahodha. Cha chini amenipa mimi."