Kilemba cha Magurudumu Mawili

Kikoneni aliamka anakohoa, na nyumba nzima ya Mzee Jumbe ikataharuki.

"Mnyororo huo," alisema Mzee Jumbe, akizungusha pedali taratibu huku ameinamisha sikio. "Mpelekeni kwa fundi kabla hajazidiwa. Na mfunikeni leso, jua kali."

Kikoneni alikuwa baiskeli. Msicheke. Pale Msambweni binti akiposwa, babake hupewa kilemba, na kwa watu wengine kilemba ni kitambaa tu. Mzee Jumbe alitaka baiskeli. Mabinti wanne walikwisha kuolewa, na ukumbini zilisimama baiskeli nne, kila moja kwa jina la mji wa mkwe aliyeileta: Vanga, Gazi, Kikoneni na Mackinnon. Kila Ijumaa zilipakwa mafuta ya nazi. Wajukuu walizipigia shikamoo. Mvua ikinyesha, watu walijibana jikoni ili wao, yaani baiskeli, wasipatwe na manyunyu.

Akabaki Waridi, kitinda mimba. Waridi alimpenda Boga, fundi wa baiskeli pale sokoni, kijana wa Diani mwenye adabu zake, pampu moja na spana tatu. Za watu alizitengeneza vizuri sana. Yake hakuwa nayo.

"Fundi wa baiskeli hana baiskeli!" Mzee Jumbe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Sasa mwanangu atabebwa na spana?"

Na siku zilikuwa zinakimbia. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, bendera mpya ya Uhuru haijatimiza hata siku ishirini mlingotini, na kila mtu alitaka kuozesha kabla ya Ramadhani. Mfanyabiashara mmoja wa Lunga Lunga, mwenye umri wa Mzee Jumbe mwenyewe na meno machache kuliko yake, alikuwa ameahidi kuja Ijumaa na baiskeli mpya yenye taa. Mzee Jumbe aliiota ile taa. Waridi alilia siku mbili, chakula hagusi.

"Mama, hiyo taa itanifaa nini mimi?"

Mwanafatuma, mamake, alishindwa kuvumilia. Alijitanda kanga mpaka puani, akashika njia ya sokoni. Alimkuta Kikoneni ananing'inia kibandani kwa Boga, kikohozi kimekwisha.

"Mpake rangi," alisema Mwanafatuma.

"Rangi gani, mama?"

"Yoyote, bora mwenyewe asimjue. Kisha utamleta kwetu kama kilemba. Ukiulizwa habari za Kikoneni, sema bado anaumwa."

Spana ilimtoka Boga mkononi. "Na mzee akijua?"

"Akijua, wewe umekosa mke, na mimi nimepata talaka na uzee wote huu. Paka rangi, ewe!"

Alhamisi alasiri Boga alipiga hodi pamoja na ami yake, Mzee Mselem. Katikati yao iling'aa baiskeli ya kijani kibichi, kiti kipya cha ngozi, bendera ndogo ikipepea kwenye usukani. Wajukuu walipiga kelele za furaha. Waridi alichungulia dirishani. Mwanafatuma alimimina kahawa nje ya kikombe, akaendelea kumimina.

"Kilemba chako hicho, ndugu yangu," alisema Mzee Mselem.

Mzee Jumbe aliinuka. Alimzunguka yule mgeni wa kijani mara tatu. Akagonga kengele, akasikiliza. Akachuchumaa, akapapasa chini ya kiti, akakaa hapo hapo kwa muda mrefu. Mwanafatuma akaanza kusoma Yasini moyoni.

"Mashallah," mzee alisema hatimaye. "Huyu ataitwa Diani. Haya, msimamisheni pale pa Kikoneni." Kisha akamgeukia Boga. "Na Kikoneni mwenyewe, hali yake vipi?"

"Bado, mzee," alisema Boga, jasho linamchuruzika. "Kifua."

"Pole yake. Usimharakishe."

Ikasomwa Fatiha, nikaha ikawekwa Jumatatu. Mtu akatumwa Lunga Lunga kumwambia yule bwana abaki na taa yake. Waridi akala sahani mbili za wali na kuomba ya tatu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mzee Jumbe alichukua kitambaa na mafuta ya nazi, akaanza kumsugua Diani. Mwanafatuma alimtazama, moyo ukimwuma kwa huruma na hofu. Miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumdanganya hata bei ya samaki. Akapiga magoti.

"Mume wangu, nisamehe. Huyo ni Kikoneni. Tumempaka rangi, na shauri lilikuwa langu. Usimwache mwanao akose mume kwa kosa langu mimi."

Mzee Jumbe aliendelea kusugua.

"Bibi we, nimemwosha huyu miaka sita. Nitapotezwa na rangi ya kijani?"

"Ulijua?" Mwanafatuma alishika mdomo. "Na bado umemtoa Waridi?"

"Ningekataa kwa uso gani?" Mzee Jumbe aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Kile kilemba nilichompelekea marehemu babako, nilikianua kwenye kamba yake mwenyewe, nikakichovya kwenye buluu ya kufulia."