Bibi Sindano na Mtoto wa Jicho

Kila alipotaka kuzungumza na Bibi Sindano, Kimya aliikaba kwanza sauti yake. Ilitoka kavu, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyelala na mafua. Akitoka nje kuzungumza na muuza maji, sauti ilirudi ilivyokuwa, laini na nyepesi.

Jina la Kimya alipewa na bibi mwenyewe. "Msichana gani wewe, unanong'ona kama mwizi?" alimwambia akicheka. Hakuwahi kumuuliza jina lake halisi wala kwao ni wapi. Kimya alishukuru kwa hilo.

Maana bibi alikuwa akimfahamu vizuri. Kimya alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya masafa marefu. Wakati huo bibi alikuwa na macho na duka la kushona, na mkwewe ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Kisha likaja gauni la harusi. Mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Aliyelikata ni bibi, lakini mbele ya bibi harusi na shangazi zake alimnyooshea mkwewe mkasi.

"Ni huyu! Mikono ya kupasulia kuni, hiyo. Toka kwangu!"

Mume alipigiwa simu huko alikokuwa, akamsadiki mama yake. Mkwe akaondoka na mfuko mmoja, wanafunzi wa kushona wakimchungulia dirishani.

Miaka ikapita. Akasikia kwamba bibi amepofuka, duka limefungwa, amehamia chumba cha uani katika mtaa mwingine kabisa. Akafunga safari. Aibu yake ilianzia hapo, maana hakwenda kumsaidia. Alikwenda kumtazama akipapasa ukuta, ili roho yake isuuzike.

Alimkuta akimimina chai mezani, pembeni ya kikombe. Chai ikamtiririkia mapajani.

"Nani hapo?"

Maneno makali aliyokuja nayo yalimkaukia mdomoni. "Nimesikia mnatafuta mtu wa kusaidia kazi," alikwaruza, akamshika mkono kumwondoa kwenye ile chai ya moto.

Bibi aliupapasa mkono ule, kidole kwa kidole. "Karibu," alisema.

Ndivyo alivyobaki. Alipika, alifua, alimwongoza bibi msalani. Kisha siku moja gari la madaktari wa macho likapita mtaani na kipaza sauti. Wangepiga kambi shule ya msingi, wangepasua bila malipo. Watoto waliokuwa wakibebwa mgongoni mara ya mwisho walipofika, sasa walikuwa wakivaa sare za shule.

Muuguzi wa kambi alipita nyumba kwa nyumba. Alimmulika bibi macho kwa tochi ndogo.

"Ni mtoto wa jicho tu, Bibi. Huja polepole. Mtu huanza kukosea mambo miaka mingi kabla hajajua kwamba haoni. Tunamtoa leo, kesho tunafungua bandeji."

Bibi aliupapasa mkono wa gauni lake, toka begani hadi kwenye upindo. "Mtoto niliyemzaa hata simu hapigi," alisema hatimaye. "Huyu wa jicho angalau hajanikimbia. Mwacheni."

Majirani wakaangua kicheko. "Anaogopa kisu huyo!"

Kimya hakucheka. Moyoni alishusha pumzi: bibi akibaki kipofu, yeye angebaki Kimya. Muuguzi alipomvuta kando na kumwomba amshawishi, aliitikia kwa kichwa, na hakumshawishi.

Siku ya mwisho ya kupasua, alirudi kutoka bombani akamkuta bibi ameketi na sindano. Bibi aliulamba uzi, akaulenga kwenye tundu, ukapita pembeni. Akaulamba tena. Ukapita pembeni.

Kimya alisimama mlangoni na ndoo kichwani, uso ukimwaka. Mtu mzima amenyimwa macho, na anayemnyima ni yeye, ili tu asijulikane.

Akatua ndoo. "Bibi, twende kambini."

"Niache, mwanangu."

"Sikuachi. Nakuomba."

"Hujui unachokiomba."

"Nakijua," alisema Kimya, na nusura sauti yake halisi imponyoke.

Bibi akauzungusha uzi kidoleni, akautua. "Basi nipe viatu."

Asubuhi iliyofuata Kimya alifika kambini, alikolala bibi baada ya kupasuliwa, mfuko wake ukiwa umefungwa. Alikwishaamua: bandeji ikifunguliwa, yeye awe njiani, na jirani amrudishe bibi nyumbani. Lakini muuguzi alimwona mlangoni.

"Wewe! Njoo umshike mkono mgonjwa wako. Hataki mwingine."

Bibi alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani. Vidole vyake viliufumbata mkono wa Kimya. Bandeji ikaanza kutoka, tabaka kwa tabaka. Kimya aliinamisha uso, akangoja kufukuzwa tena mbele za watu.

"Haya, fungua macho," alisema muuguzi. "Taratibu."

Bibi hakufungua. Aliyabana zaidi.

"Yanauma?"

Akatikisa kichwa. Kimya alijaribu kuuchomoa mkono wake; bibi akaukaza. Machozi yalipenya chini ya kope zilizofungwa.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti ndogo, "nimekujua tangu siku uliponishika mkono. Hicho kisu sikukiogopa. Nikiyafungua haya, nitakutazama kwa macho gani?"