Mashine Iliyovishwa

Picha za kichwa cha mgonjwa ziligoma kutoka hospitalini. Daktari bingwa alikuwa akizisubiri katika mji mwingine, na mtandao ulikuwa unajikokota.

Chausiku, fundi wa mitandao, alikaa mapokezi na kompyuta mapajani, akirekebisha mipangilio ya mashine ya chumba cha pili, ile inayokagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni. Aliruhusu miunganisho mingi zaidi. Akaiongezea kumbukumbu. Kila alipogusa kitu, mtandao ulichangamka kidogo, kisha ukazama tena.

"Dada, bado?" muuguzi aliuliza.

"Bado! Na usiniulize tena, tafadhali."

Akasonya, akainuka kwenda kuiona mashine yenyewe. Alipofungua mlango, akaganda. Mashine ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni, na juu yake maua ya plastiki. Matundu ya hewa yote yalikuwa yamezibwa. Kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

Akakivuta. Feni ilinguruma kwa muda, kisha ikatulia.

"Zinaenda!" muuguzi alipiga kelele kule mapokezi. "Dada, picha zinaenda!"

Chausiku akageuka. Mlangoni alisimama Bi Mwanahawa, msafishaji wa hospitali, mtu wa umri wa mama yake, uso umejaa furaha.

"Afadhali umekivua, mwanangu. Vumbi lilikuwa linaingia kwa chini," alisema, akitoa kingine mfukoni. "Hiki nimekifuma kirefu."

Chausiku alibaki na kile cha moto mkononi, akitazama kipya kikikunjuliwa, kikikunjuliwa, mpaka kikagusa sakafu.